Kitenzi "Kugonga" na Istilahi za Injini



Fundi asemapo "injini inagonga", kitenzi hiki kimoja hubeba hitilafu mbili zenye asili tofauti. Ya kwanza hutokea ndani ya silinda: sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa hujilipukia yenyewe kabla ya kufikiwa na mwali uliowashwa na plagi. Magari yenye injini za nguvu nyingi huelekea zaidi kupatwa nayo, kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa, na yale yenye tabo husukumiwa hewa zaidi. Visababishi vyake ni petroli yenye okteni ndogo, cheche inayotangulia mno, joto la kupindukia na masizi yaliyoganda. Hitilafu ya pili ni ya vyuma: beringi za konrodi zilizolika, aghalabu kwa upungufu wa oili.

Mwenye gari akibadili petroli ilhali beringi ndizo zilizolika, injini itaangamia. Kwa hiyo napendekeza "kugonga kwa mwako" na "kugonga kwa beringi". Kitenzi cha mafundi tusikitupe, tukiongezee kibainishi.