Huruma Inayomrudisha Mtu Katika Unga

Tangu Februari 2011, Hospitali ya Muhimbili ilipoanzisha kliniki ya methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu ili kuituliza arosto, yaani maumivu ya kuukosa unga wa heroini, wengi wamejaaliwa kuuacha unga. Lakini dawa hiyo, pamoja na manufaa yake makubwa, haiwezi kumtenga mtu na masahibu wa maskani, wala kuwageuza mke na mume waliozoea kugawana kete moja ya unga. Hapo ndipo penye taabu, nayo haitajwi inavyostahiki. Mama amfichiaye mwanawe siri kwa baba, akamlipia jirani simu iliyoibwa, kisha akampa nauli taslimu ilhali ajua iendako, hufanya hayo kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iulishayo uraibu. Basi, mama, nauli mpe kondakta mwenyewe. Na ukisema, “Mwanangu, nakupenda, lakini fedha sikupi,” usimpe kesho yake kwa siri. Naye aliye katika tiba asione haya kubadilisha namba ya simu, ili masahibu wa maskani wasimpate. Na wapenzi wanaotumia wote wawili, ama waingie tiba pamoja, ama wakae mbalimbali kwa muda.