Mgeni Aliyepewa Jembe



Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza misingi ya Ujamaa. Ndani yake mna haki mbili zisizotengana: haki ya mgeni kupokewa, na haki ya mwenyeji kumwona mgeni wake akishika kazi.

Maisha ya mwanamuziki Remmy Ongala ni ushahidi wa methali hiyo. Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kupiga muziki katika bendi ya Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila. Jembe lake lilikuwa gitaa. Wananchi walimpokea, wakamwita Dokta.

Alishukuru namna gani? Aliubeba mzigo wa wenyeji wake kama mzigo wake mwenyewe. Aliimba juu ya umaskini na kifo, mambo yasiyobagua mwenyeji wala mgeni. Katika albamu yake iliyotolewa Uingereza mwaka 1989 umo wimbo uitwao "Sauti ya Mnyonge". Hata alipofika ughaibuni, hakuwasahau wavujajasho waliomlea.

Kisha ukaja UKIMWI. Wakati wengi wakiona haya hata kuutaja, yeye alitunga "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza watu watumie kondomu. Wimbo huo ulikataliwa redioni. Mgeni anayehofia kufukuzwa angalinyamaza, akaendelea kusifu. Lakini aliyekwisha kuwa mtu wa nyumbani hawezi kuona moto darini akakaa kimya kwa kuchelea kuwaudhi waliolala. Ujasiri ule ndio uliokuwa shukrani yake kubwa.

Jamii nayo haikumsahau. Huko Sinza, kituo cha basi kiliitwa "Sinza kwa Remmy". Dokta alifariki tarehe 13 Desemba, 2010, lakini jina lake limebaki vinywani mwa makondakta na abiria.

Ndugu walimu na watumishi, hapa pana funzo. Mara ngapi msanii huitwa kwenye sherehe ili atumbuize wakati mgeni rasmi anasubiriwa, kisha akapewa soda na kusahauliwa? Mara ngapi kijana mwenye kipaji hupongezwa shuleni anapotunga shairi la sifa, akakaripiwa anapotunga la kukosoa? Huko ni kumkaribisha mtu sebuleni na kumficha jembe.

Jamii inayomkumbatia msanii haina budi kumsikiliza pia anapoonya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa dawa anayokataa kuinywa.