Ada Ilipie Muda wa Ofisa, Isilipie Uamuzi Wake: Huduma za Forodha katika Uwanja wa Ndege wa Musoma



Serengeti na Maasai Mara zimepakana, lakini mgeni anayetoka hifadhi moja kwenda nyingine hapiti mpaka ulio baina yake. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 ilipovunjika Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Ulipofunguliwa tena mwaka 1983, lango la Bologonja, lililo kati ya hifadhi hizo, lilibaki limefungwa kwa watalii. Kampuni za ndege zikabuni mzunguko ambao watu wa Tarime wanaufahamu vizuri: mgeni hupanda ndege Maasai Mara hadi Migori, huchukuliwa kwa gari hadi Isebania na Sirari, hugongewa muhuri, hupelekwa kwenye uwanja mdogo wa Tarime, kisha hupanda ndege ya pili kuingia Serengeti. Chanzo cha mzunguko huo ni cha kisheria. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika ibara yake ya 10, unaipa nchi haki ya kuitaka ndege itokayo nje itue kwanza katika uwanja wenye forodha. Pasipo ofisa wa kukagua, lami na taa hazitoshi kuupokea ugeni huo. Nimeanza na mfano huu kwa sababu unatuthibitishia jambo moja muhimu: watumiaji tayari wanalipa. Wanalipia ndege mbili, gari na saa kadhaa za njiani, na hakuna hata shilingi moja katika gharama hiyo inayojenga huduma ya ukaguzi katika uwanja wa makao makuu ya mkoa.

Uwanja wa Musoma ulitumia njia ya kurukia ya changarawe kwa miaka mingi, hadi Serikali kupitia TANROADS ilipoanza kazi ya kuupanua na kuuwekea lami. Uwekezaji huo unaleta swali ambalo wahandisi hawawezi kulijibu: nani atakagua abiria na mizigo itokayo nje, kwa saa zipi, na kwa fedha ya nani? Hoja yangu ni kwamba Musoma inafaa kuwa na huduma ya forodha inayochangiwa na watumiaji kwa ada, kwa masharti yasiyotenganishwa. Ada ilipie muda na safari ya ofisa, isilipie uamuzi wake. Ifuate gharama halisi ya kazi, isifuate thamani ya mzigo. Na pasiwepo mtu wa kudaiwa ada kwa saa ambazo dola yenyewe imejipangia kufanya kazi. Sharti moja likivunjika, ni afadhali tuendelee kupitia Sirari na Mwanza.

Tuanze na sheria. Forodha yetu haiongozwi na sheria ya Tanzania pekee. Tangu Januari 2005, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza kazi, tunatumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, ambayo ni moja kwa nchi wanachama. Chini ya sheria hiyo Kamishna wa Forodha anaweza, kwa tangazo katika gazeti rasmi, kuteua viwanja vya ndege vya forodha na kuweka mipaka yake. Tangazo ni la lazima, lakini tangazo halina mikono ya kufungua begi. Kazi yenyewe inahitaji chumba chenye faragha, mizani, ghala linalofungwa, mtandao wa uhakika wa kuingia katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA), na watu wenye mamlaka ya kutoa maamuzi. Watu hao si wa forodha peke yao. Abiria anamhitaji ofisa uhamiaji na ofisa afya wa mpakani. Mbegu, maua na matunda vinahitaji mkaguzi wa afya ya mimea. Minofu ya sangara inahitaji cheti cha wasimamizi wa uvuvi kabla haijapanda ndege. Akikosekana mmoja wao, wote waliobaki wamesafiri bure.

Marekani ilikabili tatizo la kuwapata maofisa katika viwanja vidogo kwa njia inayofaa kuchunguzwa. Sheria ya Biashara na Ushuru ya mwaka 1984 iliruhusu kiwanja ambacho wingi au thamani ya shughuli zake haijafikia kiwango cha kuhalalisha kituo cha kawaida kiombe ofisa wa forodha, kwa ridhaa ya gavana wa jimbo, mradi kiwanja kilipe gharama zote. Scottsdale huko Arizona na Centennial huko Colorado viliingia katika utaratibu huo. Kwa miaka kadhaa kiwango kilichotangazwa kilikuwa dola 140,874 kwa ofisa mmoja katika mwaka wa kwanza na dola 123,438 kwa kila mwaka uliofuata, na gharama za mitambo ya mawasiliano na muda wa ziada zikihesabiwa kando. Tupige hesabu. Kiwanja kinachopokea ndege 1,000 kutoka nje kwa mwaka kitagawa dola 123,438 na kupata kama dola 123 kwa kila ndege. Kikipokea ndege 300, kila moja itabeba zaidi ya dola 411. Gharama ya ofisa wa kudumu haipungui siku ambayo hakuna ndege iliyotua. Kwa hiyo la kuiga kutoka Marekani ni kanuni ya kwamba anayeomba huduma ya ziada aigharimie. La kuacha ni kumkalisha ofisa wa kudumu mahali ambapo ndege bado ni chache.

Hapa nyumbani tuna uzoefu wetu wa ukaguzi wa kulipiwa, na una funzo la aina nyingine. Hadi mwaka 2012 ukaguzi wa bidhaa zilipofika nchini ulifanywa kwa mkataba na kampuni ya TISCAN, na mwagizaji alitozwa asilimia 1.2 ya thamani ya mzigo kabla ya nauli na bima. TRA ilipoichukua kazi hiyo ilikuja ada ya uchakataji wa forodha ya asilimia 0.6. Katika madini, tangu mwaka 2017 ipo ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ya thamani. Ada hizi zinakusanywa kwa urahisi, lakini zina kasoro moja kubwa: haziakisi kazi iliyofanyika. Boksi dogo la vipuri vya mashine ya hospitali linaweza kutozwa zaidi kuliko kontena zima la misumari, ilhali boksi limekaguliwa kwa dakika kumi na kontena kwa nusu siku. Kasoro hii iliwahi kuhukumiwa kimataifa. Marekani ilipotoza ada ya forodha kwa asilimia ya thamani, Kanada na Jumuiya ya Ulaya zililalamika chini ya mkataba wa biashara wa GATT, na ripoti iliyopitishwa Februari 1988 iliona kwamba ada ya namna hiyo, inapovuka gharama ya huduma, inakiuka ibara ya 8. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara, ulioanza kutumika duniani Februari 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unarudia sharti lilelile: ada ya kuchakata mizigo isizidi makadirio ya gharama ya huduma. Musoma ina bahati ya kuanza na ukurasa mweupe, na haina sababu ya kuandika kosa la zamani juu yake.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Kwanza, Serikali itangaze madirisha machache ya saa kwa wiki ambapo maofisa wote watakuwepo uwanjani bila malipo. Pili, nje ya saa hizo ndege au mwenye mzigo aombe huduma mapema, kwa muda wa taarifa uliotangazwa, na alipe gharama za maofisa watakaofika. Tatu, maofisa hao watoke kwenye ofisi zilizopo mkoani badala ya kuajiri kikosi kipya. Sirari iko kama kilomita 100 kutoka Musoma, na ni kituo cha pamoja cha mpakani chenye idara zote tunazozihitaji. Nne, gharama ya mwito mmoja igawanywe kwa wote walioutumia. Kwa mfano wa kukokotoa tu, ikiwa mwito unagharimu shilingi 600,000 za mafuta, posho na muda, ndege iliyokuja peke yake italipa zote, lakini ndege tatu zilizokubaliana saa moja zitalipa 200,000 kila moja. Mgawanyo huo utawapa waendeshaji sababu ya kupanga safari zao kwa pamoja, na utawapunguzia maofisa safari za kwenda na kurudi.

Wapo wanaopinga, na hoja zao ni nzito. Wa kwanza anasema ukaguzi wa mpaka ni wajibu wa dola, umekwisha kulipiwa kwa kodi, na kumtoza mtu tena ni kumlipisha mara mbili. Anaye wa kumuunga mkono: Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago kinaitaka nchi itoe huduma hizi kwa waendeshaji wa ndege bila malipo ndani ya saa za kazi zilizowekwa. Ninakubaliana naye, na ndiyo maana madirisha ya bure yanatangulia katika pendekezo langu. Lakini wajibu wa kukagua si wajibu wa kumfuata kila mtu saa yoyote anayoitaka. Mlipakodi wa Bunda ambaye hajawahi kupanda ndege hana sababu ya kumgharimia ofisa anayetoka Sirari alfajiri kwa ajili ya ndege ya kukodi yenye abiria wanne. Mtu huyo akiachiwa gharama, ndiye hasa anayelipishwa kwa huduma asiyoitumia.

Wa pili anahofia rushwa: anayemlipa mkaguzi atamtawala. Hofu hii nisingependa ipuuzwe hata kidogo, maana forodha ni mahali ambapo sahihi moja inaweza kuwa na thamani ya mamilioni. Dawa yake ni kuitenga fedha na mtu. Malipo yote yapitie mfumo wa malipo wa Serikali kwa namba maalumu ya malipo (kontroo namba), kabla ndege haijatua, na ofisa asiguse noti. Ratiba ya nani anakwenda Musoma ipangwe na TRA kwa zamu, na mlipaji asiwe na nafasi ya kumchagua. Uamuzi wa mzigo upi ufunguliwe utoke kwenye mfumo wa kupima hatari, kama ilivyo bandarini. Na ada ikishalipwa isirudishwe wala isiongezwe kutokana na matokeo ya ukaguzi: mzigo ukikamatwa, ada ni ileile, ukiachiwa, ni ileile. Tukumbuke pia kwamba mahali pasipo na ada iliyotangazwa, ofisa aliyeombwa abaki baada ya saa za kazi hutafutiwa shukrani ya mkononi. Ada ya wazi ikisimamiwa vizuri inaifunga njia hiyo.

Wa tatu anauliza, Mwanza iko karibu, ya nini kutawanya nguvu? Ni kweli, Mwanza ni kama kilomita 220 kwa lami kupitia Bunda, na mizigo mikubwa ya samaki itaendelea kuhitaji kiwanja kikubwa. Musoma haipaswi kushindana kwa ndege za mizigo. Tutazame Eldoret: kiwanja kikubwa kilichofunguliwa mwaka 1997 kikawa zaidi lango la bidhaa zinazoingia, na ndege nyingi za mizigo zikitoka pale bila shehena. Nafasi ya Musoma ni ndogo na mahususi: ndege za abiria za kukodi kutoka Kenya na Uganda, vipuri vya haraka vya migodi na viwanda, na shehena ndogo za thamani kubwa zisizovumilia kukaa njiani. Kwa sababu ofisa anakuja kwa mwito, kosa letu la makadirio halitakuwa ghali. Miito ikikosekana kwa miaka miwili, huduma isitishwe, na hakuna jengo tupu litakalobaki likidai mishahara.

Hoja ya nne ndiyo inayonigusa zaidi: kwamba huduma hii itawanufaisha wenye hoteli za kitalii na kumwacha mvuvi wa Musoma na mkulima wa pamba wa Butiama alipokuwa. Bila masharti itakuwa hivyo. Kwa hiyo halmashauri za Bunda, Butiama na Musoma zisikubali kuwa wadhamini wa gharama. Marekani kiwanja hubeba hatari ya ndege kutokuja. Kwetu hatari hiyo isihamishiwe kwenye mapato yanayojenga zahanati na madarasa. Anayeomba ndiye atangulize malipo. Ndege za kusafirisha wagonjwa zisamehewe kabisa, kwa kuwa Madaktari Warukao wa AMREF, huduma yenye makao Nairobi iliyoanza mwaka 1957, hawapaswi kusubiri kontroo namba wakati mama mjamzito anavuja damu. Na shehena za ushirika wa wavuvi au wakulima zilizokusanywa pamoja zihesabiwe kuwa mwito mmoja, ili mwenye kilo 50 asilipe sawa na mwenye tani 5.

Yaliyobaki yanahitaji uamuzi wa wenye mamlaka. Ninaiomba TRA, Idara ya Uhamiaji na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege wakae meza moja na kuandika makubaliano ya huduma ya Musoma, yenye saa za bure, muda wa taarifa na jedwali la ada lenye hesabu za gharama zilizoambatishwa ili kila mtu azikague. Ninauomba uongozi wa mkoa udai taarifa ya kila mwaka ya miito iliyoombwa, iliyotimizwa na fedha iliyokusanywa, na uisome hadharani. Wafanyabiashara wasidai kituo kikubwa kabla hawajaonyesha kwa miito yao kwamba kinahitajika. Nanyi wananchi, siku jedwali hilo litakapobandikwa ukutani pale uwanjani, lisomeni. Mkiona ada inafuata thamani ya mzigo badala ya kazi ya ofisa, ikataeni.