Kabla Hujachanganya Saruji: Haki Zako Katika Kazi ya Mapatano

[Muziki wa kufungulia unapungua]

Wasikilizaji wetu wa Kakuma na Kalobeyei, na wewe unayesomewa karatasi hii na jirani kwa sababu redio yako imeishiwa betri, sikilizeni. Leo nazungumza na mafundi: wewe unayejenga, unayeshona, unayechomelea milango, na wewe mama unayepika chakula cha mkutano wa watu hamsini. Hamna bosi. Mnapatana bei, mnafanya kazi, mnalipwa. Au hamlipwi, na ndiyo maana niko mbele ya kipaza sauti.

Swali tunaloletewa sana ni hili: "Mimi mkimbizi, naweza kumshtaki mtu aliyekataa kunilipa?" Ndiyo, unaweza. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 48, inaposema juu ya kupata haki, haisemi raia. Inasema watu wote. Ibara ya 41, inayohusu kazi, inasema kila mtu. Na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakubali kwamba mkimbizi aliyetambuliwa anaweza kufanya kazi au biashara. Ni kweli kuna karatasi za kufuatilia, kama kibali cha kazi cha daraja M, na ukiweza zifuatilie. Lakini mtu ambaye hakuuliza kibali siku ya kukupa kazi, halafu siku ya malipo anakuambia "nitakuripoti," huyo anataka ukimbie uache pesa. Usikimbie. Nenda kwanza kwa watu wa msaada wa kisheria, uwaeleze yote.

Sasa jiulize: wewe ni fundi wa mapatano, au ni mwajiriwa aliyepewa jina la kontrakta? Kama unaamua mwenyewe namna ya kufanya kazi, unaleta vyombo vyako, na unalipwa kwa kazi ikiisha, hayo ni mapatano. Lakini kama unafika saa moja asubuhi kila siku, fomeni anakuamuru, vyombo ni vyao, na unaomba ruhusa ukiumwa, basi jina lililoandikwa kwenye karatasi halimalizi maneno. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na kuchukuliwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa mara moja. Ukiendelea siku mfululizo mpaka zikafika mwezi, kifungu cha 37 kinakuhesabu kuwa mwajiriwa wa kawaida, na unapata haki zake, pamoja na kupewa notisi. Tofauti hii ina uzito. Dai la mwajiriwa hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dai la mkataba wa kawaida, ndani ya miaka 6.

Tuje kwenye mapatano. Mkataba wa mdomo ni mkataba, sheria inautambua. Shida ni kuuthibitisha, kwa sababu anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Kwa hiyo chukua daftari la shule, kurasa mbili tu.

Tuseme umepatana kujenga nyumba ya vyumba viwili kwa shilingi 60,000 za kazi. Usiandike "kujenga nyumba" ukaishia hapo. Andika urefu na upana, milango mingapi, plasta ndani tu au na nje, sakafu iko au haiko. Andika nani ananunua saruji, mabati na misumari, na nani analinda usiku, maana saruji ikiibiwa ndipo undugu unapoisha. Kisha gawanya pesa kufuata hatua za kazi: kiasi fulani kabla ya kuanza, kingine ukuta ukifika kwenye linta, kingine paa likifungwa, na kidogo kinachobaki siku ya kukabidhi. Mimi naona kiasi cha mwisho kiwe kidogo kweli, kwa sababu hicho ndicho kinachopotea. Na andika hivi: "Hatua ikifika na malipo hayajafika, kazi inasimama." Sentensi hiyo inakupa haki ya kuweka mwiko chini bila kuitwa mtoro.

Mwenye kazi akiongeza kitu katikati, dirisha au choo, rudini kwenye daftari, muandike bei mpya, mtie sahihi tena. Anayesema "tutaelewana baadaye" mwambie tuelewane sasa.

Wekeni majina kamili, namba za vitambulisho, tarehe, na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Usiyejua kusoma, usitie kidole gumba mpaka mtu wako, si mtu wake, amekusomea yote kwa sauti. Kila mmoja abaki na nakala. Hata picha ya simu inasaidia.

Kuna jambo letu wakimbizi ambalo wengine hawalifikirii. Wengi wetu tunatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Pesa ikitumwa, ujumbe wa M-Pesa unaonyesha jina la huyo mtu, si lako. Andika kwenye mkataba: "Malipo yatatumwa kwa namba hii, yenye jina hili, kwa niaba yangu." Na usifute ujumbe wowote.

Kazi nyingine inapita mikono mingi. Shirika linampa kontrakta wa mjini, naye anakupa wewe matofali elfu tano ya kufyatua. Mkataba wako ni na yule kontrakta, hivyo shirika linaweza kusema halikujui. Kabla hujaanza, muulize jina la kampuni na ofisi iliyompa kazi. Akikataa kulipa, peleka pia malalamiko kwenye dawati la malalamiko la shirika hilo, maana kontrakta anataka kazi nyingine kesho.

Na wewe fundi unayechukua vijana wa kukusaidia, sikia hili. Kwao wewe ndiwe mwajiri. Kibarua wako alipwe jioni, hata kama mwenye nyumba hajakulipa. Ndiyo sababu nyingine ya kudai malipo ya kwanza.

Haya, umefanya kazi na hujalipwa. Kwanza andika barua fupi ya kudai: kazi gani, kiasi gani, ilipwe kufikia tarehe gani. Mpe mbele ya shahidi, ubaki na nakala. Unaweza kupita kwa wazee au kiongozi wa bloku mpatanishwe. Mkikubaliana kulipwa kidogo kidogo, hayo nayo yaandikwe. Ikishindikana, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inahusu madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unajisimamia mwenyewe, bila wakili, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60. Nenda kwenye registri ya Mahakama ya Kakuma uulize dai lako linafunguliwa wapi. Kiswahili kinakubaliwa. Kwa ushauri, Refugee Consortium of Kenya hutoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi, bila malipo. Kama wewe ni mwajiriwa, kama nilivyoeleza, anzia kwa afisa wa kazi.

Usipande juu ya paa kung'oa mabati. Najua hasira hiyo, na najua kuna watakaokupigia makofi. Lakini mabati aliyoyanunua ni mali yake, na ukiyachukua wewe unayedai unageuka mshtakiwa. Yeye anaenda polisi, na dai lako linakaa nje likisubiri.

Mnaotusikiliza mkiwa Uganda au Tanzania, sheria hizi ni za Kenya. Ulizeni watoa msaada wa kisheria wa huko. Daftari anzeni nalo leo.

Ijumaa tutakuwa na mafundi cherehani wanaoshona sare za shule kwa oda. Maswali yenu yaandikeni mtuletee kabla ya Alhamisi saa sita mchana.

[Muziki]