Mashine Inaona Damu: Mhadhara wa Umma kuhusu MRI na Utendaji wa Ubongo



Magazeti yanapenda kutuonyesha picha ya ubongo wa kijivu wenye madoa mekundu na ya manjano, na chini yake maelezo kwamba hapo ndipo linapokaa penzi, au hofu, au imani ya dini. Jioni hii nitazungumza juu ya madoa hayo: yanatoka wapi, na yanastahili kuaminiwa kwa kiasi gani. Rai yangu naitanguliza, ili asiyekubaliana nayo aanze kunoa maswali mapema. Mashine ya MRI haioni fikra hata moja. Inaona damu. Mtafiti anayelikumbuka hilo, akaja na swali lililopikwa vizuri, anaweza kufanya makubwa. Anayelisahau anaweza kumkuta hata samaki aliyekufa akitafakari. Samaki huyo yupo, na nitamfikia.

Habari ya damu na fikra ni ya zamani kuliko mashine yenyewe. Katika karne ya 19, mjini Turin, mwanafiziolojia Angelo Mosso alimchunguza mkulima aitwaye Bertino, ambaye fuvu lake lilikuwa na tundu kutokana na jeraha. Kupitia tundu hilo Mosso aliweza kupima mapigo ya damu ubongoni. Kengele za kanisa zilipolia saa sita mchana, mapigo yaliongezeka. Mosso akamuuliza kama zimemkumbusha kusali Salamu Maria. Bertino akasema ndiyo, na mapigo yakapanda tena. Kisha akamwambia azidishe 8 kwa 12. Yakapanda. Mkono wa mtu yule haukuwa umebadilika wala moyo wake haukuwa umeenda mbio. Kilichobadilika kilikuwa kichwani tu. Mwaka 1890 Charles Roy na Charles Sherrington, Waingereza, wakaandika kwamba ubongo una njia yake ya kujiongezea damu pale panapofanya kazi.

Haishangazi. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya mwili, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Hauna ghala la akiba la maana. Damu ikikatika kwa sekunde chache tu, mtu anazimia.

Kilichokosekana ni namna ya kuiona damu hiyo bila kutoboa fuvu. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell waligundua kwamba himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, ina tabia mbili mbele ya sumaku: ikiwa imebeba oksijeni haivutwi, ikishaiachia huvutwa. Ugunduzi huo ulikaa zaidi ya miaka 50 bila kuhusishwa na fikra za mtu. Wakati huo wanafizikia walijifunza kuzitikisa chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili kwa mawimbi ya redio ndani ya sumaku kali, na kuzisikiliza zikirudi mahali pake. Paul Lauterbur na Peter Mansfield waligeuza usikilizaji huo kuwa picha, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Kwa habari yetu ya leo mchango wa Mansfield ndio mzito zaidi, kwa sababu mbinu yake ilipiga picha ya kipande cha ubongo kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Aliyeunganisha mambo haya mawili ni Seiji Ogawa, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani katika maabara za Bell, yaani maabara za kampuni ya simu. Aliweka panya ndani ya sumaku kali. Panya walipovuta hewa ya kawaida, ubongo ulionekana umejaa mistari myeusi, ambayo ni mishipa ya damu iliyopungukiwa oksijeni. Walipopewa oksijeni tupu, mistari ikafutika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Mwaka 1992 makundi ya Minnesota, Boston na Milwaukee yalionyesha jambo hilohilo kwa binadamu aliyekuwa akitazama taa zinazomweka au kuchezesha vidole.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata wanafunzi wa mwaka wa tatu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi hutumia oksijeni, kwa hiyo ungetarajia damu ya hapo iwe na oksijeni kidogo. Inakuwa kinyume. Mwili hupeleka damu kupita mahitaji, kama mwenye shughuli anayesikia meza moja imeishiwa pilau akaipelekea masinia matatu. Oksijeni inabaki nyingi, himoglobini inayovutwa na sumaku inapungua, na mawimbi ya redio yanatoka hapo kwa nguvu zaidi. Ongezeko hilo ndilo linalopakwa rangi nyekundu.

Na ni ongezeko dogo: asilimia 1 hivi, pengine hadi 5. Kilele chake hufika sekunde 5 au 6 baada ya tukio, ilhali seli za neva huzungumza kwa sehemu za elfu za sekunde. Picha yenyewe imegawanywa katika vichemraba vya milimita 2 au 3 kila upande, na ndani ya kimoja zimo seli za neva mamia ya maelfu. Mwaka 2001 Nikos Logothetis na wenzake, huko Tübingen, walipima umeme ndani ya ubongo wa nyani wakati huohuo wakimpiga picha. Waliona kwamba mabadiliko ya damu yanafuata zaidi kazi ya seli kupokea na kuchakata taarifa kuliko ishara zinazotumwa nje. Anayesema “sehemu hii imewaka, kwa hiyo ndiyo imetoa uamuzi” ameruka hatua kadhaa.

Niwapeleke kidogo ndani ya chumba. Kwanza utaulizwa habari za chuma: betri ya moyo, vipande vya risasi, pini ya mtandio, hereni, hirizi yenye waya. Sumaku ya tesla 3 ina nguvu mara 60,000 hivi ya sumaku ya dunia, na haizimwi usiku. Kichwa kinaingizwa katika kofia ngumu ya plastiki yenye nyaya za kupokea mawimbi. Kofia hiyo inabana. Mafundo makubwa ya nywele zilizosukwa yanaweza yasienee, na nywele za bandia zikishikizwa kwa vibanio vya chuma hazifai kabisa. Ndiyo maana baadhi ya watu wenye nywele kama zetu huachwa nje ya tafiti kabla hata hazijaanza. Juu ya macho kuna kioo kidogo cha kutazamia skrini, mkononi kitufe cha kujibia, na mpira wa kubinya ukishindwa kuvumilia. Kisha kelele zinaanza, tatata tatata, hata ukiwa umezibwa masikio. Mtu aliyelala hivyo ndiye tunayemwambia afikirie penzi.

Sasa samaki. Craig Bennett na wenzake, huko Marekani, walimweka mashineni samaki aina ya salmoni, mwenye kilo 1.7 hivi, amekufa. Wakamwonyesha picha za watu na “kumwomba” aseme watu hao wanahisi nini. Walipochambua data bila kusahihisha wingi wa vipimo, vichemraba kadhaa ndani ya fuvu la samaki vikawaka. Matokeo yaliwasilishwa mwaka 2009 na watu wakacheka, lakini hesabu yake haina mzaha. Ukipima vichemraba 100,000, na kila kimoja ukakiruhusu kukosea mara 1 katika 1,000, utapata 100 vinavyowaka kwa bahati tu.

Mwaka 2016 Anders Eklund na wenzake walijaribu programu tatu zinazotumiwa zaidi, wakaona kwamba katika baadhi ya mipangilio matokeo ya uongo yalifika hadi asilimia 70, pale yalipotarajiwa kuwa 5. Mwaka 2020 vikundi 70 vya watafiti vilipewa data moja ya watu 108 na maswali 9 yaleyale. Hakuna vikundi viwili vilivyochambua kwa njia ileile, na majibu kwa baadhi ya maswali yalipishana waziwazi. Mimi sioni aibu kwa haya. Ni wanasayansi wenyewe waliojikagua na kutangaza. Ila aliyesoma matokeo hayo kisha akaendelea kutetea utafiti wa watu 15 usiorudiwa, huyo namlaumu.

Tazameni sasa swali zuri linavyofanya kazi. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, kutoka Cambridge na Liège, walieleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani. Alikuwa akifumbua macho lakini hajibu chochote, na madaktari walimhesabu kuwa hana ufahamu. Wakamwomba, akiwa ndani ya mashine, ajione anacheza tenisi. Kisha ajione anatembea nyumbani kwake chumba hadi chumba. Kila agizo liliamsha sehemu yake, zilezile zinazoamka kwa watu wazima wa afya, na zilibaki zimeamka hadi alipoambiwa apumzike. Hapakuwa na haja ya kusoma fikra zake. Swali lilikuwa moja tu: anasikia na kutii? Mwaka 2010 kundi hilohilo liliripoti wagonjwa 54. Watano waliweza kufanya hivyo, na mmoja akajibu kwa usahihi maswali matano kati ya sita, tenisi ikiwa ndiyo na nyumba ikiwa hapana.

Lakini tenisi ni ya kwao. Mama wa Singida au Kitui aambiwe ajione anatwanga mahindi. Kijana, ajione anapiga penalti. Ubunifu wa aina hiyo hauuzwi pamoja na mashine, na hakuna atakayetufanyia.

Kwamba maswali ya huku yanaweza kubadilisha tiba tumeshaona Blantyre, Malawi. Huko MRI ya kawaida, isiyo hii ya utendaji, ilitumika kwa watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Katika ripoti ya mwaka 2015, kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Madaktari wakapata pa kuelekeza majaribio ya tiba.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ombi langu ni hili. Bajeti ya mashine ijadiliwe pamoja na ajira ya wanatakwimu, wahandisi wa matengenezo na wataalamu wa picha, na data zetu ziwekwe wazi ili wengine wazikague. Na ninyi wanafunzi wa hisabati mlioketi nyuma, msidhani kazi hii ni ya madaktari peke yao. Fomu za kujiunga na kikundi chetu cha uchambuzi ziko mlangoni, chukueni mnapotoka.