Kuichora Bamvua kwa Maneno



Mvuvi wa Bamburi hahitaji kompyuta kuijua bamvua. Huutazama mwezi, akahesabu siku, akajua lini maji yatakupwa mpaka miamba iwe wazi na watu washuke kuchokoa pweza, na lini yatakuwa maji mafu. Grafu nitakayowaonyesha jioni hii haimwongezei yeye kitu. Nimemletea mwanawe, anayesoma chuoni na kuiona bahari kwa dirisha la matatu tu.

Halmashauri ya Bandari ya Kenya hutoa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji ya Kilindini. Kila siku ina vipimo vinne, siku nyingine vitatu: saa, na kimo kwa mita. Mwaka mzima ni vipimo kama 1,400. Hakuna jicho litakalouona mwezi ndani ya namba zote hizo zikiwa zimepangwa safu kwa safu. Zichore, utauona mara moja.

Chombo ninachotumia ni gnuplot, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1986 na Thomas Williams na Colin Kelley. Unaiandikia amri, nayo inachora. Kompyuta kuukuu inaitosha. Hata pasipo na uwezo wa picha, itakuchorea kwa nyota na vistari vya maandishi. Tuseme umeandika faili, kila mstari una tarehe, saa na kimo. Amri ni hizi:

set xdata time
set timefmt "%Y-%m-%d %H:%M"
plot "maji.txt" using 1:3 with points

Tazameni amri mbili za kwanza. Ukiziacha, programu itasoma mwaka peke yake kwenye kila tarehe, na bahari yako yote itasimama wima mahali pamoja kama mlingoti. Wanafunzi wengi wakifika hapo hudhani faili limeharibika. Faili ni zima. Hawajaiambia mashine kwamba ile ni tarehe. Na ile 1:3 ina maana yake: tarehe ni safu ya kwanza, saa imekalia ya pili, kimo ni cha tatu.

Sasa nukta zimetokea. Kwa siku kadhaa za juu zinapanda na za chini zinashuka, mpaka kati yake pana zaidi ya mita tatu: hiyo ni bamvua, wakati wa mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Juma moja baadaye zimesogeleana, zimebaki kama mita moja: maji mafu. Kisha zinaachana tena. Chora mwaka mzima, utaona bamvua za karibu na Machi na Septemba zimezidi nyingine.

Hapa ndipo mkono unapowasha. Mtu anataka mstari mzuri unaopinda, anaongeza smooth csplines, na mchoro unapendeza kweli. Lakini katikati ya kujaa na kupwa sisi hatuna kipimo hata kimoja. Mpindo ule umetungwa na programu, na pengine hupita juu kidogo ya kilele tulichoandika, ukadai maji yalifika yasipofika. Mimi huanza na nukta. Nikiongeza mpindo, nukta nazibakiza juu yake, ili anayetazama atenganishe kilichopimwa na kilichokisiwa.

Nami nazipenda amri kwa sababu hii: zinabaki. Mchoro uliotengenezwa kwa kubonyezabonyeza, ukiuliza kwa nini mhimili umeanzia mita mbili badala ya sifuri, aliyeuchora mwenyewe huenda amesahau. Wangu una faili la mistari michache; mtu yeyote ataufungua, ataona nilichofanya, atauchora upya na kunisahihisha. Ningetaka kila grafu inayoletwa mbele ya wananchi, iwe ya bei ya unga au ya siku ambazo mifereji ya hapa Kiembeni ilitoa maji, ije na amri zake. Atakayeikagua si lazima awe profesa. Kijana wa kidato cha tatu mwenye jedwali na kompyuta ya kuazima anaweza.

Kompyuta zile pale nyuma zina faili la Machi. Karibuni tulichore, na mwenye baba mvuvi ampigie simu, amuulize bamvua za mwezi huo zilianza siku zipi, kabla hatujabonyeza kitufe.