Umeme ndani ya ubongo: matumaini na mipaka ya tiba ya Parkinson

Mwezi Julai 1996 mjini Atlanta, mamilioni ya watu duniani walimwona Muhammad Ali akiwasha mwenge wa Olimpiki huku mkono wake ukitetemeka. Bondia huyo, mzaliwa wa Louisville, ambaye Afrika inamkumbuka kwa pambano la Kinshasa la mwaka 1974, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984. Alifariki dunia mwaka 2016.

Ugonjwa huu hutokana na kufa kwa chembechembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea kwa mpangilio. Mgonjwa hutetemeka, viungo hukakamaa na hatua huwa nzito. Dawa ya levodopa humsaidia, lakini baada ya miaka kadhaa nguvu yake hupanda na kushuka, na mwili huweza kuchezacheza pasipo hiari.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Mwaka 1987 mjini Grenoble, Ufaransa, Profesa Alim-Louis Benabid alibaini kwamba umeme wa mapigo ya kasi ukielekezwa ndani kabisa ya ubongo hutuliza mtetemeko. Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa mtetemeko mwaka 1997, na kwa dalili nyingine za Parkinson mwaka 2002.

Madaktari hutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kupitisha waya mwembamba hadi sehemu inayokusudiwa. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, akiombwa kuinua mkono au kuzungumza, ili ionekane kama waya umefika panapostahili. Waya huo huunganishwa, chini ya ngozi, na kifaa chenye betri kilichowekwa karibu na mtulinga.

Kwa wakaazi wa Gahanna, kitongoji cha Columbus katika jimbo la Ohio, huduma hii haiko mbali: hutolewa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Ohio State. Columbus ni makao ya familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki. Mzee wa familia kama hiyo anapopendekezewa upasuaji, swali zito huwa ni hili: akitaka kurejea nyumbani, nani atakirekebisha kifaa hicho, na nani atabadilisha betri itakapokwisha? Inafaa swali hilo liulizwe kabla ya fuvu kutobolewa.

Tiba hii haiponyi ugonjwa wala haiuzuii kuendelea. Huwafaa zaidi wale ambao levodopa bado inawasaidia, na haiwafai wenye maradhi makubwa ya kusahau. Hatari zake ni pamoja na kuvuja damu kwenye ubongo na maambukizo.

Kwa wengi Afrika Mashariki, kikwazo hutangulia hata upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uligundua kwamba wengi wa wagonjwa waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Mtetemeko wao ulichukuliwa kuwa uzee tu, au uchawi.

Kwa hiyo, mzee anayetetemeka mkono akiwa ametulia, anayeburuta miguu na ambaye mwandiko wake umekuwa mdogo, apelekwe kwa daktari. Waya na betri ni mambo ya baadaye. Kwanza ugonjwa upate jina.